Mguu wa Kushoto wa Mpwa Wangu

Kabla sijajifunza kutazama wachezaji nilikuwa nachagua wapagazi, na kazi hiyo niliifanya kwa majivuno makubwa. Wakati ule wa Mjerumani, reli ilipokuwa bado haijafika Morogoro, kila mzigo uliokwenda Kilosa au Mahenge ulikwenda juu ya bega la mtu, na wafanyabiashara wa mjini walinituma mimi niwatafutie watu. Niliwasimamisha kwenye mstari, nikawazunguka, nikawabonyeza mabega, nikawapapasa mashavu ya miguu na kuwaambia wainame niuone mgongo. Niliyemkubali alifika na mzigo wake ukafika naye. Nasema hivyo bila kuona haya, maana ni jambo pekee la ujana wangu ambalo hakuna aliyenibishia.

Kisha treni ikaja, na kazi yangu ikaisha kwa muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa na mke, nilikuwa nimevuka miaka thelathini, na sikuwa tayari kwenda kulima katani kwenye shamba la mzungu. Nikapata kazi katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko, ya kufungua marobota ya nguo na kupanga majora ya kaniki.

Bwana huyo alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, Mwislamu, mzaliwa wa Unguja, mnene, mcheshi, na mwenye ugonjwa mmoja tu, mpira wa miguu. Alisema kwao Unguja aliucheza tangu akiwa kijana, mpaka mwili ulipomzidi. Siku moja, ndani ya robota lililotoka pwani, tulikuta mpira wa ngozi umefungwa kwenye gunia. Aliukumbatia kwa namna ambayo sijamwona akimkumbatia ndugu yake aliyekuja kumtembelea.

Vijana wa misheni walikuwa na timu tayari. Tajiri wangu akataka mji nao uwe na timu, na akaniambia nimchagulie watu kumi na mmoja, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mimi nina jicho. Sikuuliza hata swali moja. Nilizunguka sokoni na stesheni, nikachagua kama nilivyozoea: mabega mapana, migongo iliyonyooka, miguu minene. Nilipowapanga mbele ya duka, wapita njia walisimama kuwatazama. Nilijisikia vizuri sana.

Tukacheza na vijana wa misheni kwenye uwanda wa Msamvu, baada ya akida kuhakikishiwa mara tatu kwamba watu wanakusanyika kwa mchezo na si kwa jambo jingine. Wale vijana walikuwa wembamba, wengine niliona hata gunia la chumvi lingewaangusha. Walitufunga mabao mengi hadi watazamaji wakaacha kuyafuatilia na kuanza mazungumzo yao. Watu wangu walisimama palepale walipowekwa. Mpira ukiwajia waliungoja ufike wenyewe, kama mzigo wa kutwishwa. Mmoja nilimfuata kwa hasira, nikamuuliza kwa nini hakimbii. Akanijibu kwa utulivu kwamba hakuna aliyemwambia safari inakwenda wapi.

Tajiri wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ni mtu wa hasira, sikulala vizuri kwa siku mbili, na siku ya tatu nikamwambia kama anajua zaidi basi achague yeye. Akaacha kucheka. Akasema hatachagua, ila atanifundisha kutazama, kwa sharti kwamba nikubali kuanza upya.

Somo la kwanza lilinichukua karibu mwezi, na nililichukia. Jioni vijana walipocheza, alinikataza kuutazama mpira. Alinitaka nimchague mtu mmoja na kumtazama yeye peke yake tangu mwanzo hadi jua linaposhuka, awe na mpira au asiwe nao. Kisha tukirudi dukani ananiuliza. Alipopoteza mpira, hatua yake ya kwanza ilikwenda wapi? Mwenzake alipokosea, alimwita au alimlaumu? Alipoanza kuchoka, kitu gani alikiacha kwanza? Mwanzoni sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu shangwe ya watu ilikuwa ikinivuta na macho yakirudi kwenye mpira yenyewe. Nikianza kubabaisha, alinipa karatasi ya kufungia sukari na kuniambia niandike kesho. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, najua herufi za Kiarabu, basi nikaandika kwa hizo.

Mtu wa kwanza niliyemwona kwa kweli alikuwa mwoka mikate wa stesheni. Nilikuwa nimemdharau. Mfupi, ana kitambi kidogo, na anaonekana mvivu kwa sababu hakimbii ovyo. Nilimtazama jioni nzima kwa adhabu, kwani siku ile tajiri ndiye aliyenipangia nimtazame yeye. Nikaona kwamba hakimbii kwa kuwa anakuwa amekwisha kufika. Mpira ulipodondoka, yeye alikuwa palepale, kila mara, na hakuna mtu aliyemshangilia. Usiniulize kwa nini jambo hilo lilinigusa. Nilirudi dukani nikalieleza, na tajiri wangu akaniagizia chai ya maziwa.

Tangu siku ile nikawa mtu asiyevumilika. Nilitazama watu sokoni, msikitini, mazikoni. Mke wangu alisema nimeanza kumtazama hata yeye akisonga ugali, na ilikuwa kweli.

Nilipopanda mlimani kumsalimu dada yangu mkubwa, nilikwenda na jicho hilo. Kwake ni mwendo wa nusu siku kutoka mjini, juu kabisa, mahali ambapo hata nyumba zimekatiwa nafasi yake kwenye mteremko. Huko vijana walicheza mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za migomba, kwenye sehemu moja tu iliyo bapa, ndogo kama ua wa nyumba. Pembeni mwake ni korongo. Mpira ukitoka unateremka mpaka mtoni, na sheria yao ni kwamba aliyeupiga ndiye anayeufuata. Kushuka na kupanda huko kunakula sehemu nzuri ya jioni, na wenzako hawakungoji, wana mpira mwingine.

Basi watu wale walikuwa wamejifunza kutoupoteza. Hawakupiga mbali, hawakupiga kwa nguvu, waligusa na kupeana kwa kipimo kidogo mno, na mpira ulibaki miguuni mwao katikati ya vurugu ambayo mjini ingeutoa mara kumi. Na bora wao wote alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada huyu huyu. Nilimtazama yeye peke yake mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Mguu wa kulia na wa kushoto kwake ilikuwa sawa, aliutumia ule uliokuwa karibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana miaka kama ishirini na mbili. Enzi za upagazi ningemrudisha nyumbani kabla hajafika mbele ya mstari.

Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto wa dada yangu ni wangu kwa namna ambayo hata baba yake hawezi kubishana nayo. Akitaka kuoa, nasema mimi. Akigawiwa shamba la lukolo, yaani ukoo wetu, nasema mimi. Na siku nitakapokufa ni yeye atakayechukua jina langu na kukaa mahali pangu. Kwa hiyo niliposema ashuke mjini siku za mchezo, alishuka. Dada yangu hakupinga. Alisema tu awe anarudi.

Nilimfundisha kwa miezi mingi. Alikuwa na kasoro moja kubwa iliyotoka mlimani, naye hakujua kama anayo: aliogopa kupiga kwa nguvu. Hata akiwa mbele ya goli tupu aliugusa mpira taratibu, kana kwamba kuna korongo nyuma yake. Nilimweleza kwamba Msamvu hakuna mto wa kuufuata mpira, hapa ukitoka unarudishwa. Alinielewa siku ileile, ila miguu yake ilielewa baada ya mvua za vuli kwisha. Kila nilichomwambia alikijaribu kabla hajakiuliza. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, na nilipenda kuaminiwa. Nilianza kutembea mjini kwa maringo.

Tukaanza kuwafunga vijana wa misheni. Habari zikasafiri kwa treni, na siku moja akaja mtu kutoka Dar es Salaam, Mswahili wa pwani, msimamizi katika karakana ya reli. Alikuwa na timu ya wafanyakazi wenzake, na alitaka mchezaji mmoja kutoka Morogoro. Atakayemchukua atampa kazi karakana, kazi ya ufundi, ya kufundishwa, ambayo hata askari hawezi kuja kumtoa mtu na kumpeleka kuchimba barabara. Alisema atatazama mechi ya Ijumaa, kisha aondoke na mtu wake Jumamosi.

Mpwa wangu alisikia. Usiku wa kuamkia mechi, akiwa amelala kwangu, alifua shuka yake na kuianika ndani, karibu na moto. Niliiona nikaelewa.

Dada yangu naye alisikia, sijui kwa nani. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta mlangoni kwangu, ameshuka mlima tangu usiku wa manane, miguu imejaa matope. Nilimwamkia, akaitika, akakaa. Mwanawe wa kwanza alikuwa amekwenda pwani kutafuta kazi miaka mingi nyuma na hakuna aliyewahi kutuletea habari zake, hata mbaya. Hatukumtaja. Alikunywa maji, akasema, "Mdogo wangu, huyu usinipelekee."

Nilimwambia apumzike, mke wangu atampikia uji.

Mchezo ule mpwa wangu alicheza kuliko siku zote. Alifunga bao moja kwa mguu wa kulia na la pili kwa mguu wa kushoto, kutoka mbali, huku akiwa anamtazama mlinda mlango usoni. Watu walimbeba. Mgeni alikuwa amesimama kando ya tajiri wangu, na mchezo ulipokwisha akauliza ni nani anayewajua vizuri hawa watu. Tajiri wangu akanishika bega kwa fahari, akasema, "Muulize huyu. Mimi naona wachezaji, huyu anaona watu."

Mgeni akaniuliza kuhusu wawili, mwoka mikate na yule mrefu. Habari za mwoka mikate nilizisema zote, na zote zilikuwa za kweli. Kisha akaniuliza yule mrefu ana kasoro gani.

"Mguu wa kushoto," nikasema.

Akashangaa. Akanikumbusha kwamba bao la pili lilipigwa kwa mguu huohuo. Nami, Mungu anisamehe, sikusita hata kidogo. Nilimwambia kwamba leo amebahatika. Nikamweleza kwamba watu wa mlimani hulima wakiwa wamesimama kwenye mteremko, mguu mmoja juu na mwingine chini, tangu utotoni, na mguu wa chini hukakamaa nyonga bila mtu kujua. Mwezi mmoja utaona uzima, mwezi wa pili utakuangusha. Nilisema nimemtazama kwa muda mrefu na nina karatasi zake nyumbani. Yote hayo niliyatunga palepale, na yalinitoka kwa mpangilio mzuri, kwa sababu nilikuwa nimejifunza jinsi mtu anayejua anavyozungumza. Mgeni akatikisa kichwa, akanishukuru kwa kumwepusha na hasara. Jumamosi aliondoka na mwoka mikate.

Tajiri wangu hakunitazama mpaka tulipofika dukani. Alivua kofia yake akaiweka juu ya majora. "Jicho nilikupa mimi," akasema. "Huo ulimi umekuja nao mwenyewe." Hakulizungumza tena, na wala hakunifukuza kazi, lakini jioni hakuniuliza tena nimeona nini.

Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nilifanya kwa ajili ya dada yangu. Ni kweli, ila si kweli yote. Nilikuwa nafikiria pia jina langu na nani atalichukua. Na chini ya hayo kulikuwa na jambo dogo la aibu: sikutaka mtu mwingine akae Dar es Salaam akimtazama mchezaji wangu.

Mpwa wangu alikuja kuniuliza Jumamosi ileile, treni ilipokwisha kuondoka. Aliniamkia, akakaa kwenye kizingiti, akaniuliza bila kinyongo mgeni aliona upungufu gani. Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Ningeweza kumwambia ni mama yako, au ni mimi, tukagombana na yakaisha. Lakini mgeni na watu waliokuwa karibu walikuwa wamenisikia, na niliona haya kuwa na maneno mawili. Nikamwambia ni mguu wa kushoto. Nikamweleza ya mteremko na nyonga, polepole, kama nilivyozoea kumfundisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akapanda mlima.

Hakushuka kwa miezi kadhaa. Nilipata habari zake kwa wanawake walioleta ndizi na maharage sokoni. Walisema kijana wako amepata wazimu, anafunga kitambaa mguu wa kulia ili asiutumie, anapiga kwa kushoto peke yake, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba. Walisema anapiga kwa nguvu, mpira unakwenda korongoni, anashuka kuuleta, anapanda, anapiga tena. Dada yangu alituma neno kwamba amekonda, nimwambie aache. Sikutuma jibu, kwani jibu lilikuwa moja tu na sikuwa na ujasiri wake.

Baada ya mavuno alikuja. Nilikuwa nafagia mbele ya duka asubuhi, akasimama na mpira wa matambara kwapani. "Shikamoo mjomba. Nadhani mguu umepona. Naomba unitazame."

Tajiri wangu alisikia, akanionyesha kwa kichwa kwamba niende. Tukaenda mpaka Msamvu. Hapakuwa na mtu, ila wanawake wawili wanaokata majani. Aliuweka mpira, akarudi nyuma, akapiga kwa kushoto kuelekea kwenye nguzo za goli. Akaufuata, akaurudisha, akapiga tena. Nilimtazama yeye peke yake, kama nilivyofundishwa.

Nguvu ilikuwapo, kuliko hata zamani. Lakini kila mara, kabla tu ya kupiga, kichwa kiliinama, akautazama mguu wake. Muda mdogo sana, mtu mwingine asingeuona. Alikuwa anauhakikisha. Kwa mlinda mlango yeyote mwenye akili muda huo unatosha, na mpira ambao zamani ulikwenda popote alipotaka sasa ulikwenda pale tu mguu ulipoukubali. Sikuwahi kuiona kasoro hiyo kwake. Niliiweka mimi.

Alipiga mara kumi hivi, akaja mbele yangu anahema, anatabasamu, akaniuliza naonaje. Nikakaa kwenye nyasi. Nikamwambia kwamba mguu wake wa kushoto haukuwa na ubaya wowote, si siku ile ya mgeni, si siku yoyote. Nilimwambia mama yake aliniomba abaki, na kwamba mimi nilitaka hivyo kabla hata sijaombwa. Nilisema uongo ule kwa mgeni, kisha nikausema kwake kwa sababu ya haya.

Alikuwa na haki ya kunitukana, na sheria za ukoo zisingemlinda mjomba wa namna ile. Aliuokota mpira akaugeuzageuza, akaanza kuifunga upya kamba iliyolegea. Nilitamani aseme lolote. Mwishowe akauliza, kwa heshima ileile ya siku zote, "Na yale mengine, mjomba? Yapi yalikuwa kweli?"

Nikaanza kumhesabia. Kwamba aliogopa kupiga kwa nguvu, ilikuwa kweli. Kwamba anaona wenzake kabla hawajaita, kweli. Kwamba hakuna mchezaji kama yeye kutoka hapa hadi Kilosa, kweli. Nilisema moja baada ya jingine, na kila nililotaja nililiona linamfikia usoni na kuishia hapo.

Aliuweka mpira chini tena, mahali palepale. Akarudi nyuma hatua zake, sasa akijua kila kitu. Akakimbia, na kabla ya kupiga kichwa kikainama. Mpira ukapita mbali na nguzo, ukabingirika mpaka majanini.

Nikamwambia asiutazame mguu, ainue macho.

Aligeuka akaniangalia. Hakuwa na hasira. "Na hilo, mjomba," akauliza, "ni la kweli?"